Mapigo ya Kiti cha Baba

Siku tatu tu tangu Skola arudi likizo, na mji mzima wa baba yake, mzee Nyangwine, pale Matongo ulikuwa umeshakutwa na magonjwa kumi na moja. Mama yake, Teresia, alikuwa na upungufu wa damu, maana alipofunuliwa kope kwa ndani zilionekana nyeupe kidogo. Kaka yake Steven, wa bodaboda, alikuwa na figo, kwa sababu siku nzima anameza vumbi jingi na maji kidogo. Mbwa alikuwa na minyoo, na huyo peke yake ndiye hakubisha.

Semista moja tu, jamani! Semista moja ya utabibu kwenye chuo cha afya huko Musoma, na yule Scholastica aliyeondoka na ndoo na godoro la kukunja amerudi na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mifukoni. Kunawa mikono sasa ni hatua saba, anazihesabu kwa sauti, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka Mama anasogeza ndoo pembeni.

"Hayo maji yangesonga ugali wa watu sita."

"Mama, vijidudu havionekani kwa macho."

"Na maji yakiisha hayaonekani vilevile. Toka hapo."

Aliyemsikiliza bila kuchoka ni Bibi Nyangi, mama yake Baba, ambaye humwita Skola mke mwenzangu tangu akiwa mchanga. Skola alimwaga habari zote kwake: wasichana wanne chumba kimoja, pasi moja bweni zima, mwalimu wa anatomia anayefundisha huku amefumba macho.

"Bibi, unajua una mifupa mia mbili na sita?"

"Mimi? Nani kaihesabu?"

"Kila mtu anayo."

"Yangu inayouma ni minne. Hiyo mingine kaa nayo wewe, mke mwenzangu." Bibi akavuta ugoro wake, akapiga chafya mbili, akarudi kwenye kazi aliyokuwa nayo wiki nzima: kukifua kitenge chake cha bluu ambacho kilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Kitenge kilikuwa cha Jumamosi. Jumamosi Bibi alikuwa anavuka mpaka pale Sirari kwenda kwa mdogo wake Wegesa, aliyeolewa upande wa Kenya, mbele kidogo ya Isebania. Miaka tisa hawakuwa wamesemezana, kisa kibuyu cha maziwa cha mama yao, alichokibeba Wegesa siku ya matanga bila kumuuliza mtu. Halafu wiki iliyopita mjukuu wa Wegesa akapiga simu: "Bibi anasema mwambieni Nyangi kibuyu kipo. Akuje Saturday akichukue mwenyewe. Yeye mguu haumbebi tena." Bibi Nyangi aliomba arudiwe maneno hayo mara tatu, kisha akatafuta sabuni.

&nbsp;

Jumatano alasiri Skola akakumbuka kwamba hajapima mtu mapigo ya moyo. Hilo ndilo alilokuwa analijua vizuri kuliko yote, na alikuwa hajalionyesha! Tatizo, simu ilikuwa imeachwa kwa fundi inachajiwa, na kupima kunataka saa yenye mshale wa sekunde. Akakimbia hadi kwa jirani yao Vedasto, akaazima saa yake ya mkononi, akarudi mbio akipandisha kile kilima na koti linapepea nyuma. Alipofika hakupumzika hata kidogo. Akamkalisha Bibi kwenye mkeka, akamshika kifundo cha mkono, akabonyeza kwa kidole gumba, akakodolea mshale.

Mia na kumi na nane.

Kawaida mtu mzima aliyetulia ni sitini hadi mia. Akarudia. Mia na ishirini na sita!

"Bibi, unajisikiaje?"

"Nasikia umenibana."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kile kidogo cha kuchonga, cha miguu minne, ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Akauliza kuna nini. Skola akaeleza, na sauti ilitoka ya chuo kabisa, ya "mgonjwa huyu". Baba akavua kofia.

"Amekaa tu, na moyo unakimbia hivyo?"

"Amekaa tu, Baba."

"Tumpeleke zahanati," Mama akasema.

"Zahanati ya nini?" Baba akashangaa kweli. "Mtu amesomesha daktari, halafu akapange foleni zahanati? Dakitari, sema. Tufanye nini?"

Hapo ndipo Skola angesema. Siku ya kwanza kabisa chuoni waliambiwa, wote mia na ishirini, kwamba mwanafunzi hatibu mtu nyumbani. Alifungua mdomo aseme. Lakini lile neno, "Dakitari," Baba alilitamka kwa namna ambayo hajawahi kulitamka jina lake tangu azaliwe. Mdomo ukajifunga, ukafunguka na mambo mengine.

"Aache ugoro. Chumvi apunguze. Shambani asiende."

"Na Jumamosi?" Mama akauliza polepole.

"Bodaboda mpaka Sirari? Kwa moyo huu?" Skola akatikisa kichwa, kama alivyoona madaktari wakitikisa.

"Mimi sina ugonjwa," Bibi akasema.

"Mama," Baba akamwambia kwa heshima zote, "daktari ameshasema."

&nbsp;

Na ubaya ni kwamba kila kitu kilikubaliana naye. Alhamisi asubuhi, Skola akiwa bado na usingizi machoni, alimpima Bibi akapata sabini. Akaruka! Siku moja bila ugoro, sabini! Saa nne akamfuma Bibi nyuma ya ghala na kopo la ugoro mkononi, wakalivutana, wakatukanana utani wote wa mke na mke mwenza. Skola akampima palepale huku anahema: mia na ishirini na moja.

"Umeona, Baba? Ni ugoro!"

Baba akalichukua kopo, akalifungia kwenye sanduku la nyaraka. Jioni hiyohiyo, pale senta, alikuwa anawaeleza wenzake jinsi binti yake alivyougundua moyo wa mama yake kwa kumshika mkono tu, bila mashine, na kwamba Jumamosi asubuhi yeyote mwenye shaka na moyo wake aje apimwe. Bure. Aliporudi nyumbani akapiga na simu Kenya, kusema Bibi anaumwa, haji. Aliweka sauti kubwa, na wote wakasikia mjukuu wa Wegesa akipeleka ujumbe, kukawa kimya, kisha akarudi.

"Amesema sawa. Amesema kama hataki, hataki. Hakuna haja ya kusingizia ugonjwa."

Simu ikakatika. Bibi, yeye ambaye hata kanisani hujibu mahubiri, akatoka nje. Alikianua kitenge cha bluu, akakikunja mara nne, akakirudisha ndani.

Skola akamfuata. "Bibi, ni kwa ajili ya afya yako."

"Najua, dakitari."

Si mke mwenzangu. Dakitari. Neno lilelile, lakini safari hii halikuwa na sukari hata punje.

&nbsp;

Ijumaa mchana Steven alirudi kula, akamkuta dada yake kajiinamia barazani na saa ya Vedasto mkononi. Baba alikuwa machungani, kiti chake kimebaki tupu kivulini.

"Dakitari mkuu! Wagonjwa wameisha? Pima basi hicho kiti, dada yangu. Juzi nilikisikia kinakohoa."

Skola alikuwa na huzuni, lakini utani wa Steven hajawahi kuushinda. Akaushika mguu mmoja wa kiti kwa adabu, kama mkono wa mzee, akabonyeza kwa kidole gumba, akatazama mshale.

"Kizima au kimekufa?"

"Subiri, nahesabu. Arobaini na tatu, arobaini na nne..." Akaacha kuhesabu. Uso ukabadilika. "Steve."

"Nini?"

"Kiti kina mapigo."

Steven akacheka mpaka tonge likampalia. Skola hakucheka. Akaondoa kidole gumba, akaweka vidole viwili, cha shahada na cha kati. Mti mkavu, kimya. Akarudisha kidole gumba. Du, du, du, du. Themanini na nane kwa dakika, na kiti hicho kilichongwa kabla baba yake hajaoa!

Aliingia ndani kama mwizi, akapekua daftari lake. Ukurasa wa kumi na nne, siku ya mapigo ya moyo, pembeni kulikuwa na jina la mvulana mmoja wa darasa lao, Simon, limezungushiwa maua matano. Na chini ya ua la tano, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe: KAMWE USITUMIE KIDOLE GUMBA. KINA MAPIGO YAKE. UTAHESABU MOYO WAKO.

Hapo ndipo akakumbuka mtihani wa vitendo. Mwalimu alimtazama anavyopima, akatabasamu, akamwambia, "Wewe moyo wako una afya njema kabisa, nenda ukasome tena." Na yeye alitoka nje akawaambia wenzake amesifiwa!

"Ngoja nielewe," Steven akasema, akifuta machozi ya kucheka. "Bibi amenyang'anywa ugoro, chumvi na safari, kwa ugonjwa wa moyo wako wewe?"

"Nilikuwa nimekimbia. Halafu nikaogopa. Kadiri nilivyoogopa ndivyo ulivyozidi."

"Na Baba ameita kijiji kizima kesho."

"Najua."

"Basi rahisi. Kesho sema Bibi amepona. Nani atajua? Mimi, wewe na kiti."

Skola akaenda kwa Bibi. Alikuwa amelala chali akitazama bati. Akamshika mkono kwa vidole viwili, taratibu, mpaka akausikia moyo. Ulikuwa pale, mdogo, wa polepole, wa mtu mwingine kabisa. Sabini na sita.

&nbsp;

Jumamosi saa moja asubuhi foleni ilikuwa imeshafika zizini. Watu kumi na wanne, wengine wamevaa nguo za kanisani kwa ajili ya moyo. Vedasto ndiye wa kwanza, na mfuko wa vidonge mkononi. Baba ametandika meza kwa kitambaa cha Krismasi, na kiti chake, kile chenyewe, amekiweka nyuma ya meza kwa ajili ya binti yake. Skola hakukikalia.

"Baba, kwanza nina habari njema," akaanza. "Nimempima Bibi tena. Amepona."

Watu wakapiga makofi. Baba akawageukia. "Siku tatu! Mmesikia? Siku tatu bila ugoro!" Kisha akamgeukia Skola. "Basi dawa ni hiyohiyo. Tumwongezee mwezi mzima, akae palepale kitandani, apone moja kwa moja."

Skola akamtazama Steven. Steven akatazama pikipiki yake.

"Dakitari," Vedasto akasogea, akanyanyua ule mfuko, "mimi vidonge hivi nilipewa zahanati, vya presha. Sasa ukinipima wewe hapa ukaniona mzima, niviache? Maana vinanikojoza sana."

Angecheka siku nyingine. Lakini aliviona vile vidonge ndani ya mfuko, aliona jinsi Vedasto anavyomngoja ajibu, na koti jeupe likawa zito ghafla kama gunia la mahindi mabichi. Akalivua. Akaliweka juu ya kitambaa cha Krismasi.

"Usiviache, baba mdogo. Usiache hata kimoja. Mimi sijui kupima."

"Eti?"

"Nilitumia kidole gumba. Kidole gumba kina mapigo yake. Nilikuwa nahesabu moyo wangu mwenyewe, Jumatano, Alhamisi, siku zote. Bibi haumwi. Hajawahi kuumwa. Hata..." akakigeukia kiti, "hata hiki kiti cha Baba nilikipima jana. Kilikuwa na themanini na nane."

Kisha mama mmoja huko nyuma akaguna, na Vedasto akainama akakitazama kiti kwa huruma. "Kwa hiyo na chenyewe kiache chumvi?" Foleni nzima ikaanguka kicheko. Watu walishikana mabega. Mtoto aliyebebwa mgongoni akaamka akalia.

Baba hakucheka. Alikunja kitambaa cha Krismasi pembe kwa pembe, akakiweka kwapani, akaenda kusimama zizini, amewapa mgongo watu na ng'ombe kwa pamoja. Skola akataka kumfuata, Mama akamshika gauni. "Mwache kwanza."

Mlango wa Bibi ukafunguka. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu, viatu vya plastiki, na kitambulisho cha taifa amekifunga kwenye pindo. Kumbe alikuwa anasikiliza tangu mwanzo.

"Nyangwine!" akaita zizini. "Ufunguo wa sanduku. Nataka ugoro wangu."

Baba akarudi. Alitoa ufunguo bila kumtazama mtu. Kisha akakivuta kiti chake, akakikagua miguu yote minne, akakikalia.

"Miezi yote hiyo chuo kimekufundisha nini?"

"Mifupa mia mbili na sita, Baba. Kunawa mikono. Na hili la kidole, ila hili nimelielewa jana."

"Na ungeweza kuninyamazia."

"Nilijaribu. Ukasema mwezi mzima."

Mdomo wa Baba ukatikisika upande mmoja. Akakunja mkono wa shati, akaunyoosha ule mkono mbele ya watu wote. Tangu Skola awe msichana mkubwa, yeye na baba yake hawajawahi kushikana mikono, husalimiana kwa mbali, shikamoo, marahaba, basi. "Pima. Kwa hivyo vidole vya kweli."

Skola akamshika. Mkono ulikuwa mgumu kama mpini, na Baba alitazama ng'ombe muda wote, kana kwamba mkono ule si wake. Skola akahesabu dakika nzima kwa saa ya Vedasto.

"Themanini na mbili."

"Si kiti?"

"Si kiti, Baba."

"Haya." Akashusha shati. "Foleni imehamia zahanati. Vedasto, meza vidonge vyako ukojoe. Steven, washa pikipiki. Na mpitie hapohapo zahanati, mama yangu apimwe na mtu aliyemaliza chuo."

"Nimpigie simu Bibi Wegesa?" Skola akauliza.

"Tumwambie nini? Mtu mzima, kisha mgonjwa, kisha mzima?" Bibi akadandia pikipiki. "Hakuna kupiga. Ataniona."

&nbsp;

Muuguzi wa zahanati alimpima Bibi kwa mashine, akamwambia presha yake ni nzuri kuliko ya muuguzi mwenyewe. Skola akasikiliza na mikono nyuma. Pale Sirari Steven aliwashusha, wakavuka kwa miguu, na upande wa pili kijana mmoja wa bodaboda akawavamia: "Shosho, kalia hapa, nakufikisha chapchap!" Bibi akamuuliza kama ana figo.

Wegesa alikuwa amekaa barazani kwake, mguu mmoja juu ya kigoda, umevimba. Aliwaona tangu getini. Hakupunga mkono.

"Si ulisema unaumwa?"

"Nilipona njiani."

"Nani alikutibu?"

"Huyu aliyeniumiza." Bibi akamsukuma Skola mbele. Skola akapiga shikamoo mpaka magoti yakagusa vumbi. Bibi akabaki amesimama. "Kibuyu kiko wapi?"

Wegesa akaingiza mkono nyuma ya kiti, akakitoa. Kilikuwa kile chenyewe, cheusi kwa moshi, chenye shanga shingoni. Na kilikuwa kimepasuka kutoka juu hadi chini, kimeshonwa kwa uzi wa nailoni, kushona kubaya kwa mtu aliyekuwa na haraka au na machozi.

"Kilinianguka," Wegesa akasema, akikitazama kibuyu. "Mwaka uleule. Ningekuonyesha na uso gani?"

"Miaka tisa tunagombania kibuyu kibovu?"

"Nilikutumia ujumbe kwamba kipo. Sikusema ni kizima."

Bibi Nyangi akafungua mdomo. Kisha kikatoka kicheko, kikaanza kwenye tumbo, kikapanda, na mdogo wake akakidaka, wakacheka wawili wale mpaka kuku wakahama kivuli. Bibi akakaa kitako chini palepale, kitenge chake safi kwenye vumbi, akajishika kifua.

Skola akaruka. "Bibi! Lete mkono."

Akaweka vidole viwili. Saa alikuwa amemrudishia Vedasto, akatumia ya kwenye simu. Wegesa akasogeza mguu. Dakika ikaisha.

"Mia na nne," Skola akasema.

"Ni mengi?"

"Ni mengi. Ila umecheka, umetembea, na umemwona mdogo wako. Nadhani yatashuka. Tungoje robo saa, nipime tena."

Bibi akamtazama kwa jicho moja, huku mkono wa pili ukitafuta kopo la ugoro kwenye pindo.

"Una hakika si wako huo, mke mwenzangu?"

Skola akaviangalia vidole vyake. Cha shahada, cha kati. Gumba lilikuwa hewani, mbali, halijagusa kitu.

"Wangu nao unakimbia, Bibi. Lakini huu ni wako."